Mageuko ya viumbe na imani za uumbaji darasani: barua ya wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Kwa waandaaji wa mitaala,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

Asili ya binadamu hufundishwa mara mbili katika sekondari za Tanzania. Kwa muhtasari uliotumika miaka mingi kabla ya mabadiliko ya 2023, mwanafunzi hukutana nayo kwanza kwenye Historia ya kidato cha kwanza, katika mada ya mageuko ya binadamu, teknolojia na mazingira. Kisha husubiri hadi kidato cha nne, ambako mageuko ya viumbe huja karibu na mwisho wa Biolojia, wakati walimu wengi wanakimbizana na mtihani wa taifa. Katika vipindi vyote viwili, imani kwamba Mungu aliumba viumbe huorodheshwa pamoja na maelezo ya kisayansi, kila moja ikiitwa nadharia na kila moja ikiwa na hoja zake za kukariri. Kenya ilifuata njia hiyohiyo chini ya mfumo wa 8-4-4: Historia ya kidato cha kwanza ilitaja masimulizi ya jadi, uumbaji na mageuko kama maelezo matatu ya asili ya mtu, na Biolojia ya kidato cha nne ilitaja uumbaji kabla ya kuingia kwenye mageuko yenyewe.

Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Tanzania Januari 2024 na inaingia madarasani kwa awamu. Kila awamu huja na vitabu vyake na mwongozo wake wa mwalimu, kwa hiyo swali la namna ya kufundisha jambo hili bado lina nafasi ya kujibiwa vizuri. Linalopendekezwa hapa ni kwamba mageuko ya viumbe yafundishwe kwenye Biolojia kwa ushahidi wake, bila kutafutiwa mshindani. Na simulizi za uumbaji zifundishwe kwa kina na kwa heshima kwenye vipindi vya dini, kwenye Historia na kwenye Fasihi Simulizi, ambako zina wenyewe. Vyote viwili vinastahili kufundishwa. Kinachoharibu ni ile orodha inayovichanganya.

Orodha hiyo inafahamika kwa kila aliyepita kidato cha kwanza. Daftari huwa na kichwa cha habari, kisha mistari michache chini ya uumbaji: Mungu aliumba mbingu na nchi, akamuumba Adamu kwa udongo. Chini yake huja mistari mingine michache: binadamu alitokana na viumbe wanaofanana na nyani, akapitia hatua kadhaa, akasimama wima. Mara nyingi huambatana na ule mchoro wa viumbe watano au sita wanaotembea kwa mstari, wa nyuma ameinama, wa mbele amenyooka. Mwanafunzi hukariri pande zote mbili na kuandika alichotakiwa kuandika. Haulizwi jinsi lolote kati ya hayo lilivyojulikana. Mwenye imani hutoka darasani akihisi kwamba Kitabu chake kimegeuzwa hoja ya maksi mbili, na mwenye hamu ya sayansi hutoka bila kuona hata jiwe moja la ushahidi.

Tena, uumbaji wenyewe si simulizi moja. Waganda husimulia habari za Kintu, mtu wa kwanza, na Nambi, binti wa Ggulu aliyeshuka naye kutoka mbinguni, na jinsi Walumbe, ambaye ni kifo, alivyowafuata. Wagikuyu husimulia jinsi Ngai alivyowapa Gikuyu na Mumbi nchi iliyo chini ya Kirinyaga, na jinsi binti zao walivyozaa koo zote. Wamaasai husimulia jinsi Enkai alivyowateremshia ng'ombe kutoka juu. Mwanzo ina sura mbili za kwanza ambazo wasomaji wa Biblia wamezitafakari kwa karne nyingi, na Kurani inataja kuumbwa kwa Adamu katika sura kadhaa. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Biolojia ikiamua kufundisha uumbaji, italazimika kuchagua: ikichagua mmoja itakuwa imewabagua wengine, na ikiuchukua wote itakuwa imeacha kuwa Biolojia. Mwalimu naye atageuzwa mwamuzi wa dini za watoto wa watu. Mwalimu Mkristo atasahihisha maelezo ya mtoto Mwislamu kuhusu Adamu, na mwalimu Mwislamu atasahihisha maelezo ya mtoto Msabato kuhusu siku sita. Hakuna mzazi aliyempeleka mtoto shule kwa ajili hiyo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalisaidia jambo hili zaidi ya inavyodhaniwa. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani na kuziweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ndiyo maana vipindi vya dini katika shule za serikali hutengewa nafasi kwenye ratiba na kuachiwa walimu wa dini husika. Utaratibu huo una busara. Unaiacha imani mikononi mwa wanaoiamini, na hakuna sababu ya kuuvunja kwa mlango wa nyuma wa somo la sayansi.

Upande wa sayansi, nchi chache duniani zina ushahidi wa mageuko karibu na madarasa yake kama Tanzania, na hapo ndipo vitabu vimekuwa vya ubahili usioeleweka. Bonde la Oldupai hutajwa kwa sentensi moja, pamoja na jina la Zinjanthropus na mwaka 1959. Ilivyokuwa ni hivi: tarehe 17 Julai mwaka huo Mary Leakey aliona meno yakichungulia kwenye udongo wa mteremko, na vipande vya fuvu vikaokotwa na kuunganishwa kimoja baada ya kingine. Mumewe, Louis Leakey, alikadiria kwamba lilikuwa la miaka kama 600,000. Mwaka 1961 wataalamu walipima majivu ya volkano yaliyotanda kwenye tabaka lililokuwa na fuvu hilo na kupata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio. Kipimo chenyewe kinaeleweka na mwanafunzi wa kidato cha pili. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, hunaswa ndani ya fuwele. Anayepima agoni iliyonaswa anapima muda uliopita tangu majivu yalipopoa.

Jambo la pili ambalo vitabu huliruka ni kwamba Zinjanthropus si babu wa mtu yeyote aliye hai. Wataalamu walipopata mabaki mengine, yakiwemo yale ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi aliyepatikana katika bonde hilohilo na kupewa jina la Homo habilis mwaka 1964, ilibainika kwamba lile fuvu maarufu lenye magego makubwa ni la tawi la pembeni lililokatika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mwanafunzi akisimuliwa safari hiyo yote, kuanzia makadirio yaliyokosewa, kipimo kilichoyasahihisha, hadi babu aliyekuja kuonekana si babu, anaona jinsi sayansi inavyofanya kazi na kwa nini huaminika ingawa hubadilika. Akipewa jina na mwaka tu, anabaki na kitu cha kusahau baada ya mtihani. Kusini kidogo mwa Oldupai, huko Laetoli, ziko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu yaliyolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita. Ziligunduliwa mwaka 1978, zikiwa zimefuatana kwa urefu wa takribani mita 27, kisigino kikiwa kimezama na kidole gumba kikielekea mbele kama cha mtu anayetembea leo ufukweni. Zinaonyesha kwamba kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa kwa muda mrefu sana, na ule mchoro wa mstari mmoja wa viumbe wanaonyooka kidogo kidogo unapotosha. Ungestahili kuondolewa vitabuni kabla ya kitu kingine chochote.

Hata hivyo, mahali pazuri zaidi pa kuanzia somo la mageuko ni Ziwa Victoria, wala si kwenye mifupa. Wavuvi wa Kanda ya Ziwa wanamfahamu furu, samaki mdogo mwenye miba mgongoni, anayeuzwa mbichi au mkavu kwenye mialo na masoko. Wataalamu wamehesabu spishi za furu wa ziwa hili kufikia takribani 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapo wanaokula konokono, wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula wadudu, na wanaokula samaki wenzao. Taya na meno ya kila kundi yamekaa kwa kazi yake. Tope lililochimbwa kwenye sakafu ya ziwa limeonyesha kwamba kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita ziwa lilikauka, kisha likajaa tena. Kwa hiyo wingi huo wa spishi umetokea katika kipindi kifupi ajabu, kifupi kuliko umri wa baadhi ya michoro ya miambani ambayo binadamu wameiacha Afrika.

Namna ulivyotokea imechunguzwa kwa karibu katika Ghuba ya Mwanza na visiwa vya jirani. Wapo furu wawili wa mawe wanaofanana sana. Mmoja, ambaye dume lake lina rangi ya bluu na kijivu, huishi maji ya juu. Mwingine, ambaye dume lake lina wekundu na manjano, huishi chini zaidi. Huyu ameitwa kisayansi Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Maji ya ziwa yana chembechembe zinazonyonya mwanga wa bluu upesi, hivyo kadiri mtu anavyozama, mwanga unaobaki unaelekea wekundu. Macho ya samaki wa chini yana protini ya kuonea iliyobadilika kidogo kijeni, inayonasa wekundu vizuri zaidi, na majike wake huchagua madume mekundu. Majike wa juu huchagua ya bluu. Samaki waliotoka ukoo mmoja wametengana bila ukuta wala nchi kavu kati yao, kwa mwanga, jicho na uchaguzi wa mwenza. Na pale ambapo maji yamechafuka kwa mmomonyoko na mbolea kiasi kwamba rangi hazionekani vizuri, spishi hizo mbili huzaana na mpaka kati yao hufifia. Hili linapimika leo, kwa nyavu na darubini, na mwanafunzi wa Mwanza au Musoma anaweza kuanza kulielewa kwa kununua furu kumi sokoni, kuwafungua midomo na kulinganisha meno yao. Somo hilo lina huzuni yake pia. Sangara aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya ishirini aliongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na kwa kusaidiana na uchafuzi wa maji amefuta spishi nyingi za furu kabla hazijapewa hata majina. Ni aibu kwamba kitabu cha Biolojia cha Tanzania huweza kumtaja ndege wa Galápagos na kumsahau furu.

Mfano wa pili uko kwenye damu ya Watanzania wenyewe. Ugonjwa wa selimundu hutokana na badiliko dogo katika jeni ya himoglobini. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali na upungufu wa damu. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi bila kuugua ugonjwa huo, na zaidi ya hapo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali za Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1954. Jeni ya selimundu ilikuwa ya kawaida kwenye jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, ambako mbu wa malaria ni wengi, na ilikuwa adimu sana kwenye jamii za nyanda za juu zenye baridi. Katika baadhi ya jamii za maeneo ya malaria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano aliibeba.

Kwa nini jeni inayoua watoto haikufutika? Kwa sababu katika nchi ya malaria iliwaokoa wengi zaidi waliokuwa na nakala moja tu, nao wakaishi, wakazaa na kuirithisha. Huo ndio uteuzi asilia, na hesabu yake ni nyepesi: wazazi wawili wanaobeba nakala moja moja, katika kila mimba wana uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa, nusu kupata mtoto mwenye kubeba kama wao, na robo kupata mtoto asiyebeba kabisa. Kijana anayetoka sekondari akiielewa hesabu hiyo ataelewa kwa nini apime damu kabla ya kuoa au kuolewa. Pia ataacha kuamini kwamba familia yenye watoto wagonjwa imelogwa au imelaaniwa. Kwa sababu hiyo peke yake mada hii isingefaa kuachwa kwenye wiki za mwisho za kidato cha nne.

Mfano wa tatu uko kwenye kabati la dawa. Klorokwini ilitibu malaria Tanzania kwa miongo mingi. Mwaka 2001 ikaondolewa kama dawa ya kwanza kwa sababu vimelea vilikuwa vimepata usugu. Ikaja dawa iitwayo SP, nayo usugu ukaifuata haraka, na kufikia 2006 nchi ikahamia dawa mseto. Hakuna kimelea kilichojifunza kukataa dawa. Dawa iliviua vilivyo dhaifu, vichache vilivyozaliwa na badiliko la kijeni vikabaki, na uzao wao ukatawala. Malawi ilitoa ushahidi wa upande wa pili. Iliacha klorokwini mwaka 1993. Dawa ilipotoweka, vimelea sugu vilipoteza faida yao, vimelea vya kawaida vikarudi kutawala, na utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha klorokwini ikiponya tena karibu kila mgonjwa wa utafiti huo. Miaka ya karibuni, vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza nguvu ya artemisinini, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa dawa mseto, vimeonekana Rwanda na mkoani Kagera. Daktari, muuguzi, mfamasia na mzazi anayemkatishia mtoto dozi wanahusika wote na mageuko, wawe wanayaamini kuhusu binadamu au hawayaamini.

Mifano hii mitatu inafaa kutangulia mada ya asili ya binadamu, na hapa kuna kasoro ya mpangilio inayoweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Kwa muhtasari wa zamani, mtoto wa kidato cha kwanza huambiwa habari za mageuko ya binadamu miaka mitatu kabla ya kufundishwa jeni ni nini na sifa hurithiwaje. Hana nyenzo ya kuyapimia anayoambiwa. Ndiyo maana huuliza swali ambalo kila mwalimu wa Historia amelisikia: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani wa Mikumi hawageuki kuwa watu? Ni swali zuri, na mara nyingi hujibiwa kwa kicheko au kwa kuambiwa aandike tu. Jibu lake ni kwamba hakuna mwanasayansi anayesema mtu alitokana na nyani wa leo. Mtu na sokwe wa Gombe na Mahale wana babu wa pamoja aliyeishi takribani miaka milioni sita au saba iliyopita, ambaye hakuwa mtu wala sokwe wa leo; kila tawi lilikwenda njia yake, na nyani wako kwenye tawi lililojitenga mapema zaidi. Ushahidi uko ndani ya seli. Sokwe ana jozi 24 za kromosomu, mtu ana 23, na kromosomu ya pili ya binadamu ina alama za wazi kwamba ni mbili zilizoungana, ambazo kwa sokwe bado ziko mbalimbali. Aliyekwisha kusoma urithi anaweza kulifuata jibu hilo. Ambaye hajasoma atabaki na picha ya nyani.

Yapo pia ambayo sayansi haiyasemi, na mwongozo wa mwalimu hauna budi kuyaandika waziwazi. Mageuko hueleza jinsi viumbe vinavyobadilika na kutofautiana. Hayasemi kama Mungu yupo au hayupo, wala kama maisha ya mtu yana kusudi. Mwalimu anayetumia kipindi cha Biolojia kuwakejeli wenye imani amevuka mpaka sawasawa na yule anayekitumia kuhubiri. Dini zenyewe hazina msimamo mmoja. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu wasomi Wakatoliki kuchunguza asili ya mwili wa binadamu kwa njia ya mageuko, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 alikiri kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya dhana tu. Kanisa la Waadventista Wasabato linafundisha rasmi uumbaji wa siku sita. Wapentekoste wengi huyakataa mageuko. Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu wapo wanaoyakataa yote, wapo wanaoyakubali kwa wanyama na mimea na kumtenga Adamu, na wapo wanaoyakubali kwa upana zaidi. Gregor Mendel, ambaye majaribio yake ya njegere ndiyo msingi wa somo la urithi, alikuwa mtawa wa Kiaugustino. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamisionari, na katika ujana wake alikusudia kuwa mmisionari kama wao.

Tofauti hizi zote ni elimu, na mwanafunzi ana haki ya kuzifahamu. Mahali pake ni kipindi cha dini, ambako sheikh, padri au mchungaji anaweza kueleza dini yake inasema nini, kwa nini, na wapi waumini wake wanatofautiana. Historia nayo inaweza kueleza jinsi jamii zilivyojielewa na ukoo wao: ukoo unaotajwa na Wagikuyu au Waganda ni sehemu ya siasa na ardhi yao hadi leo. Fasihi Simulizi tayari hufundisha visasili, na ingepata uhai mpya kama wanafunzi wangetumwa kwa bibi na babu zao kukusanya simulizi za asili ya watu wa kwao, kuzirekodi na kuzilinganisha. Tahadhari moja inahitajika hapo. Maandiko ambayo watu waliopo darasani wanayaabudia si vema yakaingizwa kwenye orodha ya visasili na mwalimu wa lugha. Yaachiwe kipindi cha dini. Kwa mpango huu simulizi za uumbaji zinapata nafasi kubwa kuliko ile mistari michache zinayopewa leo, na zinafundishwa na wanaozipenda.

Yanayotokea jambo hili likiachwa bila utaratibu yameonekana jirani. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalipokuwa yakikarabatiwa Nairobi, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga visukuku vya binadamu kuonyeshwa kama ushahidi wa mageuko, na Richard Leakey, aliyewahi kuongoza makumbusho hayo, akawajibu vikali. Kiini cha mzozo kilikuwa kiunzi cha Mvulana wa Turkana, mwenye umri wa miaka takribani milioni 1.5, ambacho kipande chake cha kwanza kiliokotwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Makumbusho yalifunguliwa tena 2008 na kiunzi kikaonyeshwa. Katika kelele zile, Kimeu mwenyewe hakutajwa inavyostahili: Mkenya ambaye hakusoma sana darasani, aliyeanza kazi Oldupai mwaka 1960, na ambaye mwaka 1964 aliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Vitabu vya hapa vingefanya haki kumtaja pamoja na akina Leakey. Marekani nako ubishi wa aina hii ulikaa mahakamani kwa miaka themanini, tangu kesi ya mwalimu John Scopes huko Tennessee mwaka 1925 hadi hukumu ya Dover, Pennsylvania, mwaka 2005, na njiani, mwaka 1987, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria ya Louisiana iliyolazimisha uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko. Afrika Mashariki haina haja ya kupita njia hiyo.

Mwalimu ndiye anayebeba mzigo wote huu. Wengi wa walimu wa Biolojia ni watu wa imani, na baadhi ni viongozi katika nyumba zao za ibada. Hutokea mwalimu akaanza mada kwa kuwaambia wanafunzi kwamba haya ni ya kujibia mtihani tu. Kauli hiyo hudhuru kuliko inavyoonekana, kwa kuwa humfundisha kijana kwamba maarifa ni kitu cha kuandika na kuachana nacho, na mazoea hayo atayabeba hadi kwenye kanuni za umeme na kipimo cha dawa. Dawa yake si kumlazimisha mwalimu akiri asichokiamini. Mwongozo useme kwamba kinachofundishwa na kupimwa ni uelewa: sayansi inasema nini, kwa ushahidi gani, na ushahidi huo ulipatikanaje. Mwanafunzi anayeweza kueleza uteuzi asilia kwa usahihi amepata maksi zake zote, awe ameukubali kuhusu binadamu au la. Mafunzo kazini kwa walimu, hata ya siku chache, yangetosha kupitisha mfano wa furu, wa selimundu na wa dawa mseto hatua kwa hatua, pamoja na majibu ya maswali kumi yanayoulizwa sana.

Mtihani nao ubadilike, kwa sababu shule hufundisha kinachoulizwa. Swali linalotaka nadharia za asili ya binadamu zitajwe lifutwe kwenye Biolojia na kwenye Historia. Badala yake Baraza la Mitihani linaweza kutoa jedwali lenye viwango vya jeni ya selimundu katika vijiji vitatu vya miinuko tofauti na kumtaka mtahiniwa aeleze tofauti hizo; au kuchora mataya ya furu watatu na kuuliza kila mmoja anakula nini na anajuaje; au kueleza yaliyotokea Malawi baada ya 1993 na kuuliza kwa nini. Maswali hayo hayajibiki kwa kukariri, na hakuna hata moja linalomtaka mtoto aikane dini yake.

Lililobaki ni vifaa. Safari ya Oldupai ni ghali kwa shule ya kata ya Mtwara au Kigoma. Nakala za plasta za fuvu la Zinjanthropus, za taya la Peninj na za unyayo mmoja wa Laetoli zinaweza kutengenezwa kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa, seti moja kwa kila wilaya, zikazunguka shuleni kama vinavyozunguka vifaa vingine vya maabara. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuchapa upya kitabu kimoja cha kiada, na kila mwanafunzi angepata kushika, walau mara moja kabla ya kumaliza kidato cha nne, umbo la kitu ambacho amekuwa akikisoma kwa jina.